Honi Mbili za Mama Mkunga

Mama Mkunga alikuwa adui wa kelele. Baa ya jirani ikifungulia muziki mchana, alivuka barabara na kitenge chake begani, akasimama kaunta bila kuagiza kitu, akamkazia macho muuzaji mpaka muuzaji akapunguza mwenyewe. Harusini alikwenda na pamba ndani ya mkoba. Kanisani, kwaya ya vijana ilipowasha vyombo vyake, alihamia benchi la mwisho na kukaa hapo amefumba macho, na hakuna aliyejua kama anasali au anavumilia. Kwa hiyo siku aliposhuka kwenye bajaji amepakata honi ya spika, moja ya zile zinazofungwa juu ya magari ya matangazo, mtaa wetu wa Chanji ulisimama kumtazama.

"Shikamoo Mama," nilimwambia kutoka barazani. "Unagombea udiwani?"

"Marahaba. Nataka kusikiliza," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati huo mashine yangu ilikaa barazani, nyumba ya pili kutoka kwake, na kwa miaka mingi sikuinua macho kutoka kwenye kitambaa bila kumwona anapita, akitembea haraka kama mtu aliyeitwa. Alikuwa amestaafu ukunga, ila maneno ya wodini hayakustaafu naye. Lori likikwama kwenye tope la masika, alisimama pembeni na kumwambia dereva, "Usikaze. Pumua kwanza. Haya, sasa." Mume wangu alipokuwa akihangaika kuingiza kabati letu mlangoni, alimshika bega akasema, "Ligeuze. Halitoki hivyo." Likapita.

Sehemu kubwa ya mtaa aliipokea kwa mikono yake, na hakuacha mtu asahau. Kuna kijana mmoja mwenye duka la vifaa vya simu, mwenye haraka katika kila jambo. Mama Mkunga alimwambia mbele ya wateja, "Wewe ulitanguliza miguu. Hukuwa na subira tangu siku ile." Wateja walicheka, kijana naye akacheka, na simu ya Mama Mkunga ikatengenezwa kwanza.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alipita nyumba kwa nyumba akiwakataza wenye presha kutumia chumvi, kisha akala ugali wake kwa dagaa wa Kasanga wenye chumvi ya kukunja uso. Alitugombeza kwa uchafu wa mitaro wakati ua wake ulikuwa umejaa mabati, waya na mabaki ya redio. Na alijisifu, sitamficha. Ukimwambia mwanao anaimba vizuri, atakwambia yeye alivyoimba. Lakini katika kazi hakuvumilia neno "labda". Nilipokuwa na mimba ya kwanza alinilaza kitandani, akachukua kile kibomba cha mbao cha wakunga, kipana upande mmoja na chembamba upande wa sikio, akakiweka tumboni. Akainua mkono kumnyamazisha mume wangu, ambaye hakuwa amesema kitu. Akakisogeza kidogo, akasikiliza. Akakisogeza tena.

"Labda amegeuka?" niliuliza.

"Hakuna labda. Moyo unasikika hapa zaidi, kwa hiyo mgongo uko huku na kichwa kiko chini. Amekaa vizuri kuliko wewe."

Sababu ya honi ilikuwa kaseti.

Alipokuwa msichana, nesi mgeni kwenye zahanati ya kijiji kimoja huku juu Ufipa, aliimba kwaya ya parokia. Huko alipata rafiki, binti mkulima wa ulezi, ambaye baadaye aliolewa bondeni na mpaka leo anaishi Milepa. Nitamwita Mama wa Milepa. Waliimba sauti moja, walishona nguo za sare hata kwa siku zisizo za sare, na watu wa parokia waliwachanganya majina. Kulikuwa na wimbo wa mavuno ambao katikati yake mwanamke mmoja anaimba ubeti peke yake, na ubeti ule unapanda juu sana. Siku moja aliuimba huyu, siku nyingine aliuimba yule. Kisha padri mmoja wa misheni akaja na kinasa sauti chenye maikrofoni mbili, akaziweka mbele ya kwaya, moja huku, nyingine kule, akaurekodi wimbo mara moja tu.

Nani aliuimba ubeti siku ile? Hapo ndipo dunia ilipopasuka.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza. Kaseti zilinakiliwa, zikasambaa, zikachakaa. Kisha kwenye harusi ya mtoto wa mwanakwaya mwenzao mtu akaipiga kwenye redio yenye spika moja, na ubeti ulipofika, wale rafiki wawili wakasema kwa pamoja, "Huyo ni mimi." Wakacheka. Wakarudia. Mara ya pili hawakucheka. Mama wa Milepa akasema mwenzake hakuwahi kuifikia ile sauti ya juu bila kukohoa. Mama Mkunga akasema mwenzake alikuwa anaifikia kwa kuichungulia. Walirudi makwao kwa magari tofauti.

Tangu hapo mchele wa bondeni haukuja. Zamani kila mavuno kiroba kilifika stendi na basi la Milepa, na Mama Mkunga alirudisha kwa basi hilohilo maharage na unga wa ulezi. Sasa alinunua mchele sokoni, akaupika, akaula akisema hauna harufu. Na mabasi ya bondeni yalipoingia, nilimwona anasimama kidogo barabarani, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Kitu kimoja walichokubaliana wote wawili kilikuwa mahali walikosimama. Mama wa Milepa alisimama ubavuni mwa ngoma, kwa sababu mpigaji ngoma alikuwa kaka yake. Mama Mkunga alisimama upande wa pili kabisa, karibu na mlango, kwa sababu mjamzito angeweza kuletwa zahanati wakati wowote na ilibidi atoke bila kusumbua watu. Kijana wa duka la simu alipoihamishia kaseti kwenye flashi, alimwambia kwamba padri alirekodi kwa njia mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, na kwamba ukitumia spika mbili unaweza kusikia nani yuko wapi. Hilo ndilo lililomkalisha Mama Mkunga macho wazi. Sauti yenyewe ilikuwa imechakaa, isingemtambulisha mtu. Mahali ilipotokea pangemtambulisha.

"Kwa nini honi, Mama?" nilimuuliza. "Si ununue spika za boksi za kawaida?"

"Nimezijaribu dukani. Zinamwaga sauti chumba kizima, inagonga ukuta, inarudi. Huwezi kujua nini kimeanzia wapi. Honi inashika sauti mkono, inaileta kwako."

Honi zake za kwanza hazikuwa ndugu. Moja ilikuwa ndefu yenye mdomo mwembamba, ya pili fupi yenye mdomo mpana. Alizipata kwa watu tofauti, siku tofauti. Akazifunga ukutani sebuleni, moja kila upande wa kabati la vyombo, akazipiga kwa sauti ya chini kabisa. Ngoma ilisikika kofi lake tu, tumbo lake lilibaki ndani ya kaseti. Kisha ubeti. Sauti ya yule msichana ilianzia katikati, na kila ilipopanda ilivutwa kuelekea kulia, upande wa ule mlango aliosimama karibu nao, mpaka pale juu kabisa ikasimama hukohuko. Upande wake.

Mama Mkunga alipiga makofi. Aliniita mimi, akamwita mume wangu, akamwita kijana wa duka. Aliupiga ubeti mpaka chai ikapoa. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe?" Tulisikia. Alitandika kitambaa kipya mezani kana kwamba kuna sherehe.

Asubuhi iliyofuata nilikuta amevifunika vyombo vyote na amekaa ameshika shavu. Redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari kupitia zile honi.

"Msikilize huyu," alisema. "Ni mtu mmoja, amekaa mezani, karatasi iko mbele yake. Kwa nini anahamahama?"

Nikasikiliza. Kweli msomaji alikuwa anatembea. Neno zito lilimkalisha katikati, neno jembamba lilimrusha upande uleule wa kulia. Akitaja jina la nchi alivuka chumba.

"Ile nyembamba inapeleka sauti za juu kwa nguvu kuliko mwenzake," alisema Mama Mkunga. "Mtu yeyote akiimba juu, anahamia huko. Hata wewe ungehamia."

"Lakini Mama, si umeshinda?"

"Sijashinda mimi. Zimeshinda honi."

Nilidhani ataishia hapo, maana hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili. Yeye akachukua bisibisi na kuanza kuzifungua ukutani.

Hapo ndipo fundi bati alipoingia katika habari hii. Alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Kasanga, mpole, mwenye kofia iliyofifia, aliyetengeneza majiko, karai, mifereji ya maji ya mvua na faneli za kumiminia dizeli kwenye boti. Yeye na Mama Mkunga walifanya kazi pamoja kama watu wanaogombana. Mzee alimwita "Sista", Mama Mkunga alimwita "Fundi", na kila mmoja alilitamka neno hilo kama onyo.

Mama Mkunga alimwagiza honi mbili za bati, pacha, zisitofautiane hata unywele. Fundi alizitengeneza ndefu na nyembamba.

"Kasanga," alieleza, akikunja viganja mdomoni, "ukimwita mtu aliye kwenye boti unafanya hivi. Ukifungua mikono, sauti inapotea ziwani."

"Mimi simwiti mtu aliyekwenda Kongo, Fundi. Niko sebuleni."

"Zisikilize kwanza, Sista."

Akazisikiliza, akaurudisha wimbo mwanzo. Maana zilikuwa kitu. Aliweka kiti kimoja katikati ya chumba, na ukikaa hapo kwaya ilijipanga mbele yako kana kwamba kabati limeondolewa na ukuta umebomolewa. Ngoma kule, wanaume nyuma, wasichana mbele. Nilimsikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba, na ningeweza kumwonyesha kwa kidole. Lakini ulilazimika kukaa kama unayenyolewa. Ukiinamisha kichwa kidogo, kwaya nzima ilikimbilia upande ulioinamia. Ukisogea kando ya kiti, ulibakiwa na honi moja tu inayokupigia usoni kama tochi, na ile nyingine ilikuwa giza.

Watu walikuja kukikalia kile kiti. Jirani mmoja mwenye kifua alikikalia, akakohoa, akaapa kwamba ameiona kwaya ikiruka. Fundi bati alikikalia na hakutaka kuinuka. Mama Mkunga peke yake hakufurahi.

"Ubeti umetoka wapi?" nilimuuliza, maana alikuwa hajaniruhusu kuusikiliza.

"Sijaufikia. Nimesimamisha kabla."

"Kwa nini?"

"Kiti ni kimoja. Nikikaa mimi, mwenzangu wa Milepa ataniamini? Nikimkalisha yeye akaniambia ni yeye, nitamwamini? Lazima tukae wote wawili, tusikie kitu kimoja, wakati mmoja."

Basi ikabidi honi zifunguke. Fundi akasema amesikia, akaenda, akarudi na honi zilizofunguka ghafla kama karai. Hizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Sauti ilipofika mdomoni ilikuwa kama imeshtuka. Ilimwagika ukutani, na kila mwanakwaya akawa anaimba kutoka kila mahali. Mama Mkunga aliziita beseni, na Fundi akakasirika, akakaa siku kadhaa bila kuonekana mtaani.

Niliona ninaweza kusaidia. Nilichukua karatasi zangu za kukatia nguo nikaenda kwake, kwenye kibanda chake karibu na soko, na kumkatia vipande kama ninavyokata sketi ya vipande: vyembamba kiunoni, vinafunguka polepole, halafu zaidi, mpaka upindo unamwagika wenyewe bila kona.

"Yaani mimi niishonee bati sketi?" alisema.

"Ndiyo, Baba."

Alizitazama karatasi kwa muda mrefu. Akazigeuza. Akapitisha kidole pembeni. "Kiunoni umekata vizuri," alisema, na nikajua amesamehe.

Honi zile mbili zilimchukua muda. Kila kipande alikikunja juu ya bomba la chuma kwa nyundo ya mbao, akaviunga kwa risasi ya kuyeyusha, akalainisha maungio kwa ndani mpaka kidole kikapita bila kukwama. Zilipokamilika zilikuwa pana kama mwavuli wa mtoto, na zilikuwa nzuri hata kabla hazijatoa sauti. Walipoziwasha, zililia kama ndoo. Bati lenyewe lilikuwa linaimba.

Mama Mkunga aliigonga moja kwa kucha, akaisikiliza. Alikwenda duka la dawa akarudi na bandeji za plasta, zile za kufungia mfupa uliovunjika, akaziloweka, akazifunga honi kwa nje tangu kooni mpaka karibu na mdomo, tabaka juu ya tabaka, kwa mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. "Zisiguswe mpaka zikauke," alitangaza. Fundi aliketi kando yao kama ndugu wa mgonjwa.

Zilipokauka hazikulia tena. Kilichobaki ni herufi ya "s", ambayo ilining'inia mdomoni mwa bati kila mtu alipoitamka. Ukingo ulikuwa mkali na sauti ilikwaruzika hapo. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilishona mito miwili ya mviringo, kama kata za kubebea ndoo kichwani lakini mikubwa, nikaijaza pamba, tukaivalisha kwenye kingo. Zile "s" zikaondoka, zikaenda kukaa kwa wenyewe waliozisema.

Mwisho tulizigeuza. Fundi alitaka zitazame mbele moja kwa moja. Mama Mkunga akazisukuma zielekee ndani, kidogo, tena kidogo, mpaka ungesema zinataka kupeana mikono mbele ya benchi tuliloliweka badala ya kiti. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi upande wa kushoto, na niliposikia kwaya ikisimama mahali pake, sikuamini. Ile honi iliyokuwa karibu yangu ilinipita pembeni, haikunipigia usoni. Ile ya mbali ndiyo iliyonitazama. Kwa hiyo ya karibu haikuimeza ya mbali. Tulipokezana, huyu mwisho huu, yule mwisho ule, na wote tulionyesha ngoma kwa kidole kimoja. Fundi bati alicheka kwa furaha akasema, "Sista, hizi sasa hazimpendelei mtu."

"Ndizo nilizozitaka," alisema. Nadhani aliogopa kidogo, maana alisema hivyo akiwa ametupa mgongo.

Simu aliipiga mwenyewe, barazani kwangu, kwa sababu alisema ndani mtandao hautulii. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

"Ni mimi," alisema. "Ndiyo. Niko hai. Sikiliza, njoo huku. Nina spika zinazoonyesha mtu alikosimama. Njoo tusikilize ule ubeti."

Nilisikia Mama wa Milepa akijibu kwa nguvu upande wa pili. Mama Mkunga alitoa simu sikioni, kisha akairudisha.

"Kama unajua ni wewe, basi njoo unishinde mbele ya watu," alisema, akakata. Akabaki ameishika ile simu kwa mikono miwili.

Alikuja. Aliteremka basini, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi yetu ya juu, akamtazama rafiki yake tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Hawakukumbatiana. "Umenenepa," alisema. "Na wewe umekauka," alijibiwa. Lakini walitembea bega kwa bega mpaka nyumbani, na wote wawili walikuwa na haraka.

Sebuleni aliziona zile honi zimefungwa plasta, akasimama. "Zimevunjika?"

"Zimepona," alisema Mama Mkunga. "Kaa."

Walikaa kwenye benchi, mmoja huku, mwingine kule, nafasi ya mtu ikabaki katikati. Mimi na Fundi tulisimama nyuma yao. Fundi, kwa ajili ya haki, akauliza kama waya haziwezi kuwa zimegeuzwa, ya kushoto ikaingia kulia.

"Zikigeuzwa, ngoma itageuka pamoja nazo," alisema Mama Mkunga. "Nyinyi tafuteni ngoma kwanza. Ubeti ukitoka kwenye ngoma ni wa huyu. Ukitoka upande wa pili ni wangu."

Akawasha. Ngoma ikaanza, upande wa kushoto, na Mama wa Milepa akashika mdomo. "Kaka," alisema taratibu. Kaka yake alikuwa ameshazikwa zamani. Alinyoosha mkono kidogo kuelekea pale kofi la ngoma lilipotokea, hewani, kati ya honi na kabati, kisha akaurudisha magotini. Wanaume wakaingia, wakafuata wasichana. Halafu wote wakanyamaza isipokuwa ngoma, na yule msichana akaanza.

Alikuwa kushoto. Alikuwa ubavuni mwa ngoma, karibu mno hata ungesema bega lake linamgusa mpigaji. Akapanda, akapanda tena, na hakuhama. Pale juu kabisa, ambapo honi za kwanza zilimvuta mpaka mlangoni, alibaki amesimama palepale alipoanzia.

Sikuthubutu kumtazama Mama Mkunga. Nilitazama mabega yake. Yalikuwa yameinuka, na ubeti ulipoisha yakashuka.

"Ni wewe," alisema.

Mama wa Milepa, ambaye alikuwa amesafiri kutoka bondeni kusikia maneno hayo hasa, akaonekana kama mtu aliyepewa mzigo wa mwingine. "Tuurudie," alisema. "Pengine..."

"Hakuna pengine. Ni wewe, dada. Na hukuichungulia. Uliifikia."

Wimbo ulikuwa ukiendelea bila sisi kuujali. Ukafika mwisho, ngoma ikanyamaza, na kabla padri hajazima mashine palibaki kipande kifupi cha mikwaruzo ambacho sisi sote tulikuwa tumezoea kukikatisha. Safari hii hakuna aliyenyanyua mkono kuzima. Na kutoka kulia kabisa, upande wa mlango, tukasikia msichana anacheka na kusema, wazi, kama yuko chumbani, "Dada! Leo umeimba!"

Sote tuligeukia upande ule.

"Huyo nani?" aliuliza Mama wa Milepa.

Mama Mkunga alikuwa amefumba macho. "Ni mimi," alisema. Akaanza kucheka kicheko kilekile cha kwenye kaseti, ila kizito zaidi, na machozi yakamtoka. "Nilijua siku ileile. Nilikwambia mwenyewe. Halafu nikasahau!"

Mama wa Milepa alisogea kwenye benchi mpaka ile nafasi ya katikati ikaisha. Fundi bati alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mimi nilikwenda jikoni kuweka chai, maana mtu mmoja lazima aende jikoni wakati kama ule, na nilipokuwa huko niliwasikia wanauimba ubeti wote wawili, vibaya sana, wakikohoa.

Alikaa wiki nzima. Alipoondoka alibeba maharage na unga wa ulezi, na kabla ya mvua kuanza mchele ulifika stendi. Mama Mkunga alikifungua kiroba barabarani, akaingiza uso mzima ndani, akanusa.

Wako watu waliomwona kuwa ni mtu wa ajabu, kutumia muda wote ule kutengeneza mashine ya kumshinda yeye mwenyewe. Mimi sikuona ajabu. Aliulizwa mtoto amelalaje, akasikiliza mpaka akajua. Isipokuwa kujisifu hakuacha. Alianza kujisifu kwa sauti ya rafiki yake. "Kuna mtu Milepa," aliwaambia vijana wa kwaya, "ninyi nyote mkipangwa mstari hamumfikii."

Siku hizi nimehamishia cherehani yangu karibu na soko, kwa hiyo simwoni kila siku. Mara ya mwisho nilikwenda kumpelekea mapazia, asubuhi moja ya baridi kali. Magoti yamemzidi, daktari amemkataza safari ya kushuka bondeni, na Mama wa Milepa naye haiwezi baridi yetu. Nilisikitika njiani nikiwafikiria.

Mlango ulikuwa wazi. Nilipiga hodi, sikujibiwa, nikaingia. Sebule ilikuwa na giza kwa sababu mapazia ya zamani yalikuwa bado hayajafunguliwa. Pale pembeni, upande wa kabati, mwanamke mtu mzima alikuwa anaongea peke yake kwa sauti ya chini kuhusu mahindi yaliyoachwa juani na mbuzi aliye karibu nayo. Nikajua ana mgeni. Nikapiga goti kidogo, mapazia mikononi, nikasema, "Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Hujambo?"

"Sijambo, Mama. Za asubuhi?"

"Nzuri. Nifukuzie huyo mbuzi."

Niligeuka kumtafuta mbuzi. Hapo macho yangu yakazoea giza, nikaona kabati, nikaona ukuta, nikaona honi mbili nyeupe. Hapakuwa na mtu.

Mama Mkunga alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mfuniko wa sufuria mkononi, ameona kila kitu. Aliegemea mlango akacheka mpaka mfuniko ukamwanguka na kuzunguka sakafuni. Baadaye, alipopata pumzi, alinieleza: mjukuu wa Mama wa Milepa anaiweka simu uani kwao asubuhi, inarekodi bibi yake, kuku, watu wanaotwanga, majirani wanaopita na kusalimia, kisha anamtumia. Yeye anaifungulia kwenye honi akiwa anapika, na wanakaa hivyo mpaka mchana.

"Ulimsalimia kwa pamoja na jirani yake aliyerekodiwa," alisema, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Neno kwa neno! Ngoja. Ngoja nimpigie."

Akapiga. Alimsimulia mambo yote, na ilipofika kwenye mbuzi alilazimika kuanza upya. Nilisikia kicheko cha Milepa kikitoka kwenye simu, chembamba na cha furaha. Kisha Mama Mkunga akanipa ile simu. "Anakutaka."

"Shikamoo Mama," nilisema.

"Marahaba," alisema Mama wa Milepa. "Mara ya pili hii leo. Wewe una adabu sana."